Hedhi Nyingi, Damu Pungufu: Swali Linalosahaulika Kyela

Katika tambarare ya Kyela, yenye joto na mvua nyingi ukingoni mwa Ziwa Nyasa, malaria haijawahi kuwa mgeni. Mwanamke afikapo zahanati akiwa na viganja vilivyopauka, kizunguzungu na moyo uendao mbio, mhudumu hufikiria kwanza malaria, kisha minyoo. Ni haki yake kufikiri hivyo. Lakini mara nyingi uchunguzi huishia hapo. Mgonjwa hupewa dawa na vidonge vya madini ya chuma, pengine huongezewa damu, akarudi kwenye mpunga au kakao yake. Baada ya miezi michache yupo tena kwenye benchi lilelile, na hakuna aliyemuuliza hedhi yake huchukua siku ngapi.

Swali hilo ndilo hufichua faibroidi, uvimbe usio saratani unaoota katika msuli wa mfuko wa uzazi na kukuzwa na homoni za kike. Wanawake wengi wanao bila dalili, nao hawahitaji tiba. Mahali ulipoota hujalisha kuliko ukubwa: mdogo ulio chini ya utando wa ndani waweza kumwaga damu kuliko mkubwa uliojitokeza nje. Hedhi inayopita siku 8, yenye mabonge, au inayolazimu kubadili pedi kila saa, yastahili kipimo cha ultrasaundi.

Swali liulizwe faraghani. Kwa mila ya Wanyakyusa mke humwepuka baba mkwe. Akiwa amesindikizwa na watu wa mumewe, atajibu tu kwamba hedhi yake ni ya kawaida.

Wengi hujificha kwa hofu ya kuondolewa kizazi. Hofu hiyo inaeleweka, ila zipo dawa za kupunguza damu, kipo kitanzi chenye homoni, na upo upasuaji unaotoa uvimbe peke yake, ingawa waweza kuota tena. Kutoa kizazi ni uamuzi wa mwanamke aliyekwisha kuelezwa njia zote. Baada ya ukomo wa hedhi uvimbe husinyaa. Damu itokayo wakati huo isisingiziwe faibroidi, bali ichunguzwe upesi, kwani yaweza kuwa saratani.

Anayepewa rufaa ya Mbeya, zaidi ya kilomita 100, aanze kutibiwa upungufu wa damu angali Kyela. Akifika na damu kidogo, upasuaji huahirishwa, na nauli imekwisha.