Ushujaa wa Powell haukuishia mtoni

Msafiri usimuulize tu alifika wapi. Muulize alirudi na nini. Siku hizi ambapo safari ya wikendi haijaiva hadi video ipate likes, swali hili linakuhusu wewe kijana.

Chukua kisa cha John Wesley Powell wa Marekani. Alikuwa mwalimu wa jiolojia, na mkono wake wa kulia aliupoteza katika vita vya Shiloh mwaka wa 1862. Mnamo Mei 24, 1869, yeye na wanaume wengine tisa waliondoka Wyoming kwa mashua nne, wakateremka Mto Green kuingia Mto Colorado hadi Grand Canyon. Makorongo hayo ya jangwani yalikuwa doa tupu kwenye ramani za serikali.

Lakini tusidanganyane. Doa hilo lilikuwa tupu kwa wachora ramani pekee. Wapaiute, Wahualapai na Wahavasupai waliishi huko tangu jadi, na walijua maji yanapatikana wapi.

Safari yenyewe haikuwa mchezo. Wiki mbili tu baada ya kuanza, mashua moja ilipasuliwa na mawe. Waliorudi kwenye mabaki yake waliokoa vipimo vya hewa, pamoja na kipipa cha wiski! Msee mmoja aliona yametosha, akajiondoa Julai. Unga ukalowa na kuoza. Agosti 28, watatu wengine waliyatazama maporomoko yaliyokuwa mbele yao, wakakataa kata kata. Walipanda kuta za korongo kwa miguu na hawakuonekana tena. Siku mbili baadaye, sita waliobaki walitokea salama pale Mto Virgin unapoingia Colorado.

Usiwacheke wale watatu. Walipima hatari kwa yale waliyoyaona, na hakuna aliyejua kwamba mwisho ulikuwa karibu hivyo.

Wengi hukomea hapo, wakampigia Powell makofi. Sisi tunasema ushujaa wake mkubwa ulikuja baadaye. Angeweza kukaa ale jina. Badala yake alirudi mtoni mwaka wa 1871 kupima na kuchora ramani, na mwaka wa 1878 akatoa ripoti iliyowaudhi wengi. Alisema eneo la magharibi ni kame, na watu wapewe ardhi kulingana na maji yaliyopo. Wakati huo wauzaji wa ardhi walikuwa wakiahidi mashamba ya kijani kila mahali. Mwaka wa 1893 aliuambia mkutano wa wapenda kilimo cha umwagiliaji jijini Los Angeles kwamba maji hayatatosha. Wakamzomea.

Nani alikuwa sahihi? Mwaka wa 1922 majimbo saba yaligawana maji ya Colorado kwa hesabu iliyotegemea miaka ya mvua nyingi. Wakagawana maji kuliko mto unavyoweza kutoa. Leo watu takriban milioni 40 wanautegemea, na mara nyingi unakauka kabla ya kufika baharini.

Kijana wa Kenya, usidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yetu ni kame au nusu kame, na kila msimu wa kampeni hakosi mtu wa kuahidi kugeuza jangwa kuwa bustani. Umwagiliaji si mbaya. Kubaya ni kushangilia kabla ya kuuliza. Maji yatatoka mto gani? Ni kiasi gani, hasa mwaka wa kiangazi? Na wanaoishi chini ya mto watabaki na nini?

Pengine utaitwa mpinga maendeleo. Uliza tu. Powell naye alizomewa, na mto ukamtetea.