Harufu ya sigara nyumbani haiondolewi kwa udi

MSOMAJI, huenda umewahi kuhamia nyumba ya kupanga iliyofagiwa, ikapigwa deki na hata kupakwa rangi mpya, lakini mara tu ulipofunga madirisha usiku, ukanusa sigara. Kwenu hakuna anayevuta. Jirani wa upande huu havuti, wala wa upande ule. Harufu hiyo inatoka wapi?

Jibu ni kwamba inatoka ukutani. Inatoka pia kwenye dari, zulia, mapazia na sponji ya makochi. Mpangaji aliyekutangulia alihama na vyombo vyake, lakini moshi wake aliuacha.

Watu wengi huichukulia harufu hii kuwa jambo la aibu tu mbele ya wageni. Ndiyo maana dawa zao nyingi ni za kuificha. Mmoja hufukiza udi au ubani, mwingine hupuliza manukato ya dukani, na mwingine huwasha mshumaa wenye harufu ya maua. Kwa maoni yangu, huko ni kujidanganya. Udi ni mzuri kwa shughuli zake, lakini nao ni moshi. Ukiufukiza juu ya harufu ya sigara umeongeza moshi juu ya moshi, na sumu iliyokuwa ukutani bado iko palepale.

Nasema sumu kwa sababu ndivyo ilivyo. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kuwa husababisha saratani. Sigara inapozimwa, si kemikali zote zinazotoka kwa dirisha. Nikotini na ule utomvu wa rangi ya kahawia unaofanana na lami hutua juu ya kila kitu na kuganda. Baadaye, hasa nyumba inapopata joto, hurudi hewani kidogo kidogo. Hiyo ndiyo harufu unayoinusa miezi mingi baada ya sigara ya mwisho kuzimwa.

Wataalamu sasa wanaugawa moshi mara tatu. Wa kwanza ni ule anaouvuta mvutaji mwenyewe. Wa pili ni ule anaouvuta aliyeketi karibu naye. Wa tatu ni huo unaobaki katika nyumba na nguo. Mwaka wa 2010, watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani walieleza kwamba nikotini iliyoganda inapokutana na asidi ya nitrasi, ambayo hupatikana katika hewa ya nyumba zenye majiko ya gesi, hugeuka kuwa kemikali nyingine zinazoweza kuleta saratani. Mwaka uliofuata, watafiti wa San Diego walichunguza nyumba ambazo wavutaji walikuwa wamehama. Nyumba hizo zilikuwa zimekaa wazi kwa takriban miezi miwili na kusafishwa, lakini nikotini ilipatikana katika vumbi na hata kwenye vidole vya wakazi wapya wasiovuta.

Sasa fikiria ni nani aliye karibu zaidi na zulia hilo. Si wewe uliyeketi kochini. Ni mtoto anayetambaa, ambaye hushika sakafu kisha akatia vidole mdomoni. Mapafu yake ni machanga na yeye hupumua haraka kuliko mtu mzima. Akiwa na pumu, moshi humletea mashambulizi. Hana uwezo wa kuhama wala wa kumwambia baba yake atoke nje.

Basi tuifanye kazi yenyewe, na haihitaji pesa nyingi. Fungua madirisha na milango inayotazamana ili upepo upite. Toa nje kila kitu cha nguo: mapazia, vitambaa vya makochi, foronya, blanketi na neti ya mbu. Vifue kwa sabuni na maji ya moto kama vinaweza kustahimili, uvisuuze kwa maji yenye siki kidogo, kisha uvianike juani. Nguo ambayo bado inanuka baada ya kukauka ifuliwe tena kabla ya kurudishwa ndani.

Kwa zulia, nyunyiza unga wa bikabonati ya soda, ule unaotiwa kwenye keki ili iumuke. Uache ulale usiku kucha, na asubuhi ulikung'ute zulia nje, mbali na watoto. Makochi nayo yafanyiwe vivyo hivyo. Lakini sponji iliyofyonza moshi kwa miaka haisafishiki. Ni afadhali ubadilishe sponji na kitambaa kuliko kumlaza mtoto juu yake.

Kisha uje kwenye kuta na dari. Osha kwa maji ya moto na sabuni ili kutoa ule utomvu. Baada ya hapo pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya siki kwa mbili au tatu za maji. Siki inafaa kwa sababu nikotini huyeyuka vizuri zaidi katika maji yenye ukali wa asidi. Utaona maji kwenye karai yakigeuka manjano kisha kahawia. Yamwage na uchote mengine, la sivyo utakuwa unaupaka ukuta uchafu ule ule. Usisahau milango, vioo vya madirisha, mapanga ya feni, glopu za taa na juu ya kabati. Vaa glavu, kwa maana nikotini hupenya ngozi.

Hapa nakuonya kwa dhati. Usichanganye siki na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile wengi huiita Jik. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na katika chumba kidogo unaweza kukuangamiza. Kila kimoja kitumiwe siku yake, katika chombo chake.

Baada ya ukuta kuoshwa na kukauka ndipo fundi wa rangi aitwe. Wenye nyumba wengi huanzia hapa, nao hupoteza pesa. Rangi ya maji ikipakwa juu ya ukuta usiooshwa, madoa ya manjano hupenya na kujitokeza, na harufu huyafuata. Paka kwanza rangi ya chini ya mafuta ili kuufungia uchafu uliobaki, halafu rangi unayoipenda.

Hata hivyo, msomaji, kazi yote hii ni bure ikiwa jioni mtu ataketi sebuleni na kuwasha nyingine. Wapo wanaodai kwamba wakivutia dirishani au jikoni hawadhuru mtu. Daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti mwaka wa 2006 iliyosema wazi kwamba hakuna kiasi cha moshi wa sigara wa watu wengine kisicho na madhara, na kwamba kufungua madirisha au kuwasha feni hakuuondoi wote. Ni lazima sigara itoke nje ya mlango. Na anayetoka kuvuta anawe mikono na kubadilisha shati kabla ya kumpakata mtoto.

Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Tumbaku tangu mwaka wa 2007, na kwa sheria hiyo mvutaji hawezi kuwasha sigara ndani ya matatu au ofisini. Ni ajabu kwamba mtu anayemheshimu abiria asiyemjua hamheshimu mwanawe wa kumzaa. Askari hawezi kuwekwa katika kila sebule. Sheria ya nyumbani ni sharti itungwe na wenye nyumba hiyo.

Kuna haki nyingine mbili zinazosahaulika. Ya kwanza ni ya mpangaji. Anayelipa kodi na amana ana haki ya kuuliza kama aliyetangulia alikuwa akivuta, na mwenye nyumba anapaswa kumjibu kweli na kuosha kuta kabla ya kupokea pesa. Ya pili ni ya anayefua. Katika nyumba nyingi mvutaji ni baba, na anayesugua kuta ni mama au msichana wa kazi. Ikiwa mvutaji ataliinua karai mwenyewe na kuona rangi ya maji yale, nadhani hatahitaji mhadhara wa daktari.

Anza leo na kisahani cha majivu kilicho juu ya meza. Kitoe nje, na kisirudi.