Jua la Ghuba, Kikoi cha Nyumbani

Ndugu zetu wa saiti na wa majumbani, joto likikaribia kila mmoja wetu anaanza kununua vitu vya jua. Kofia yenye kitambaa cha shingoni, shati la kukauka haraka, chupa ya chuma ya kutunza ubaridi, begi la mgongoni, mkeka wa plastiki wa kukunja. Ukiuliza, jibu ni "afya kwanza". Afya kwanza, sawa, hatubishi. Tunachobisha ni hela kutoka mfukoni mwetu kwa vitu ambavyo nyumbani vipo, ni vyepesi, na vimetengenezwa na watu wanaolijua jua.

Msimamo wetu ni huu: mzigo wa kujikinga na jua unaweza kukusanywa karibu wote kwa bidhaa za Tanzania, usizidi kilo mbili, na ukafanya kazi. Na vile ambavyo havimo ndani yake, yaani helmeti, viatu vya usalama na glavu, si juu yetu kuvinunua.

Tupige hesabu kwanza. Hizi ni bei za mfano tu, weka za dukani kwako. Kofia rial 5, shati 10, chupa 6, begi 14, mkeka 5. Jumla rial 40. Rial ya Oman imefungwa kwa takriban dola 2.6 tangu 1986, kwa hiyo hapo umeacha dukani kama dola 104. Kwa anayelipwa rial 80 kwa mwezi, huo ni nusu ya mshahara. Jamani, nusu mwezi unafanyia kazi kofia na begi!

Sasa tuone mzigo wa nyumbani una nini.

Vikoi viwili vya pamba. Kimoja cha kichwani na shingoni, kingine cha kujifutia, kujifunika na kulalia. Kikoi ukikiloweka, ukakikamua, ukakiweka shingoni, maji yanapokauka yanaondoka na joto la mwili. Ndiyo kazi inayofanywa na mtungi wa udongo: unatoka jasho, maji ya ndani yanapoa. Sehemu kavu kama Nizwa au Riyadh tofauti utaiona mara moja. Lakini pwani, kama Muscat, Doha au Dubai mwezi wa nane, hewa imejaa unyevu na maji hayakauki upesi. Huko kikoi kikusaidie kama kivuli tu, na tegemeo liwe maji ya kunywa na mapumziko.

Kwenye saiti, ncha za kikoi ziingize ndani ya shati. Kivue kabisa ukikaribia grainda au mashine ya zege, kwa sababu kitambaa kinachoning'inia kinaweza kunaswa na kukuvuta. Wala usikikunje ndani ya helmeti hadi ikakaa juujuu, maana hapo helmeti haikukingi tena.

Pama la ukili. Hili ni la dada zetu hasa. Watu wanadhani kazi ya ndani haina jua. Kwani nani anaosha gari uwanjani, anaanika nguo juu ya dari, anamwagilia bustani, anasimama barabarani kungoja basi la watoto? Pama lina ukingo mpana, linafunika masikio na kisogo, sehemu ambazo kofia ya kapelo inaziacha wazi. Ni jepesi na linapitisha hewa.

Msala au kipande cha mkeka. Oman inakataza kazi za nje juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana, mwezi Juni, Julai na Agosti. Saudi Arabia ni saa 6 hadi saa 9, na Falme za Kiarabu ni saa 6:30 hadi saa 9, zote kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15. Qatar ni saa 4 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Saa hizo ni haki yako, lakini kulala juu ya zege la moto si kupumzika. Msala wa ukili unakutenganisha na joto la chini na unakunjika kwapani.

Mkoba wa kitambaa. Fundi cherehani anakushonea wa kitenge kizito au wa marekani, wenye kamba mbili za mabegani. Begi la dukani lina zipu nyingi na mifuko ya siri. Wewe unabeba kikoi, maji na chakula. Zipu za nini?

Unga wa ubuyu, ukwaju, korosho au karanga. Maji matupu yenye joto hayapandi kooni, hilo tunalijua sote. Kijiko cha ubuyu au ukwaju kidogo kinayapa ladha, na mtu anakunywa zaidi. Kwa kazi ya juani, lenga kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, hata kama kiu haijaja, ila usipite lita moja na nusu kwa saa. Ukitoka jasho kwa saa nyingi mwili unapoteza na chumvi. Hapo mchanganyiko ule wa kliniki unafaa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mwenye presha au kisukari amuulize daktari kwanza.

Hapa msimamo wetu una mpaka. Sukari ya Kilombero ni nzuri, lakini kuisafirisha kwa ndege ni kupoteza kilo. Sukari, chumvi na maji nunua hapahapa. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu ioshe, ivishe kitambaa chenye maji, iweke kivulini penye upepo. Na kama upo Uingereza kwenye jukwaa la ujenzi mwezi wa kumi na moja, sahau kikoi: pamba ikilowa kwenye baridi inakunyang'anya joto, hivyo nguo za sufu na koti lisilopitisha maji ni bora. Hata pwani ya Ghuba, shati la kukauka haraka linaweza kulishinda la pamba. Ukiwa na uwezo wa kitu kimoja tu cha dukani, kiwe hilo shati. Vinne vingine acha.

Wengine watasema ni ushamba. Pama la ukili Dubai? Mbona Mwomani mwenyewe anajifunga kilemba cha kitambaa, na ndani ya kanzu anavaa wizari, ambayo ni ndugu wa kikoi chetu? Watu wa nchi za jua walijifunika kwa nguo nyepesi kabla ya duka lolote kuwauzia kofia yenye nembo.

Sasa namna ya kuvipata. Usimlipe msafirishaji wa vifurushi, nauli itameza akiba yote. Ngoja mwenzako anayerudi kutoka likizo, changeni watu watano, kila mtu kilo zake mbili. Ubuyu uwe kwenye pakiti iliyofungwa kiwandani, yenye jina la bidhaa na alama ya TBS. Unga usio na jina ndani ya mfuko wa nailoni ni kujitafutia maswali uwanja wa ndege. Dawa za kienyeji ziache. Mirungi usiiguse kabisa, huko ni kesi na jela.

Halafu angalia unachonunua. Vikoi na vitenge vingi sokoni vinatoka nje, vimeandikwa Kiswahili tu. Tanzania inalima pamba nyingi, Simiyu na Shinyanga, na sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Ukinunua kikoi cha kigeni, huenda unanunua pamba ya mjomba wako iliyozunguka dunia. Muulize muuzaji kimefumwa wapi, soma lebo. Na ukili nunua kwa anayesuka mwenyewe. Unguja na Pemba wapo akina mama wanaosuka kila siku na wanauzia madalali kwa bei ya chini.

Hapo ndipo suala hili linapogusa hela tunazotuma. Mara nyingi tunatuma kwa sababu mtu kaomba: ada, msiba, bati limevuja. Ni wajibu wetu, hatulalamiki. Lakini hela inayonunua kazi ya mtu ina heshima yake. Ukimtumia shangazi kwa simu hela ya mapama matano na misala mitano, hakupokea msaada, ameuza. Wenzako kambini wakivipenda, atauza tena bila wewe kutoa kitu.

Turudi kwenye helmeti. Kifungu cha 21 cha Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kinasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Sheria za kazi za nchi za Ghuba nazo zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Kwa hiyo bosi akikuambia ununue viatu vya usalama, au akikukata mshahara kwa ajili ya glavu, omba aliandike hilo, na utunze nakala pamoja na hati ya mshahara. Mzigo wetu wa kilo mbili ni nyongeza. Usikubali utumike kama sababu ya kukunyima maji, kivuli au zile saa za mchana.

Na la mwisho, hakuna kikoi kinachoshinda kiharusi cha joto. Mwenzako akianza kuongea ovyo, akapepesuka, ngozi ikawa ya moto, usimwambie avumilie. Piga simu: Oman 9999, Saudi Arabia 997, Falme za Kiarabu 998, Qatar 999. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji, mfunike kikoi kilicholowa, mpepee. Kama hajitambui vizuri usimnyweshe kitu.

Juni haisubiri mtu. Anayeenda likizo mwezi wa tatu au wa nne mpeni orodha mapema: vikoi viwili, pama, msala, mkoba, ubuyu. Zile rial 40 ziende zilikopangiwa tangu siku ulipopanda ndege.