Pori la Kwenye Katuni Halina Shamba

Nitasema moja kwa moja tusipotezeane muda. The Lion Guard ni katuni nzuri. Imechorwa vizuri, nyimbo zake zinakaa kichwani wiki nzima, na watoto wanaipenda kweli, hawalazimishwi na mtu. Ingekuwa mbovu nisingehangaika nayo. Ugomvi wangu nayo ni kuhusu kitu kimoja tu, na kitu hicho kwa mtu wa Simiyu si kidogo.

Kwa wasio na watoto nyumbani: Disney waliianza mwaka 2015 kwa filamu ya utangulizi, mfululizo wenyewe ukaanza Januari 2016, ukaisha 2019. Kion, mtoto wa Simba yule wa The Lion King, anaongoza kikosi cha ulinzi. Wamo Bunga nyegere, Fuli duma, Beshte kiboko na Ono yangeyange. Kazi yao ni kuilinda Pride Lands, nchi ya neema. Maadui wao wa mwanzo ni fisi wanaoongozwa na Janja, wakazi wa ng'ambo, kwenye nchi kame. Fisi wanavuka mpaka kuja kutafuta chakula, wanafukuzwa. Kesho yake wanavuka tena.

Majina, kama unavyoona, ni ya kwetu. Mtoto wa Bariadi hahitaji mkalimani kujua mtu anayeitwa Janja ni wa kuangaliwa kwa jicho gani. Kiswahili kimo humo mpaka kwenye salamu na misemo.

Sasa hesabu watu. Hesabu vizuri, rudisha nyuma ukitaka. Hakuna moshi wa jiko, hakuna njia ya ng'ombe kwenda lamboni, hakuna hata kisiki kilichokatwa kwa shoka. Wametumia lugha ya watu kuzungumza juu ya nchi ambayo wamewafuta watu wake. The Lion King ya mwaka 1994 ilikuwa hivyo hivyo, na sisi tulikaa tukashangilia kwamba dunia inasema "rafiki".

Mwaka 2018 tuliamka kidogo. Ilijulikana kwamba Disney walikuwa wamesajili "hakuna matata" kama alama ya biashara huko Marekani, na Mzimbabwe mmoja akaanzisha maombi ya kupinga. Mitandao ikawaka moto, nami niliandika vyangu. Lakini tuligombea maneno mawili. Watu waliokuwa wanayasema hayo maneno, wenye mashamba na mifugo kwenye nchi ile inayochorwa, hakuna aliyeuliza wamekwenda wapi.

Kwa nini iniume mimi? Ramani inajibu. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, umeegemea upande wa magharibi wa Serengeti. Meatu, Itilima, Bariadi na Busega, zote zina vijiji vinavyopakana na hifadhi ama na Pori la Akiba Maswa. Ukitoka Lamadi kuelekea geti la Ndabaka huhitaji kuuliza njia. Kwa hiyo mpaka ule anaoulinda Kion kwenye TV, mtoto wa huku anaujua. Ni mstari ambao baba yake anaambiwa asiuvuke na ng'ombe. Na ni mstari ambao tembo hajaambiwa.

Nimeripoti habari za tembo mkoani hapa mara nyingi kiasi kwamba naweza kuandika habari bila kutoka ofisini, jambo ambalo silisemi kwa kujisifu. Mahindi yakikaribia kukomaa, tembo wanakuja usiku. Vijana wanalala juu ya madungu na tochi, wengine na madebe ya kupiga. Mtoto wa shule anakesha akisaidia kuamsha wakubwa, asubuhi anasinzia darasani na kuchapwa kwa kusinzia. Kuna kijiji cha Meatu ambako mama mmoja, mtu mzima, alinionyesha ekari mbili zilizolazwa chini kama zimepitiwa na trekta. Nikamwambia, "Pole sana, mayu." Akaniuliza, "Mwanangu, hao wanaowahesabu tembo kila mwaka, sisi wanatuhesabu lini?" Niliandika swali lake kwenye daftari. Jibu sikuwa nalo.

Mtoto wa mwanawe alikuwa pembeni amevaa fulana yenye picha ya simba wa katuni anayecheka. Sikuigusa kwenye habari yangu, mhariri angesema napamba.

Najua jibu la upande wa pili, nimelisikia kwenye semina za wadau kabla ya chai na baada ya chai. Wanasema watoto wafundishwe kuwapenda wanyama wangali wadogo, wasije kuwa majangili. Haya, tuseme ni kweli. Lakini mapenzi gani hayo yanayodai umfiche mtoto kile anachokiona kwa macho? Mtoto wa Stockholm anaweza kumpenda tembo wa katuni kwa raha zake, maana hakutani naye njiani kwenda kisimani. Wa huku akiambiwa tembo ni mpole na mwenye busara, halafu usiku babu yake akakimbizwa na tembo huyo huyo, atachagua kumwamini babu au TV. Vyovyote atakavyochagua, mmoja atakuwa amekuwa mwongo machoni pake.

Wengine wanasema, ah, hizo ni hadithi tu, wanyama hawasemi, mbona hulalamiki kwamba kiboko anaimba? Hapo ndipo wanaponichekesha. Sisi tumelelewa na wanyama wanaosema! Sungura wa bibi zetu anasema kuliko mbunge. Lakini huyo sungura anaiba karanga kwenye shamba la mtu. Wenye shamba wanakasirika, wanaweka mtego, wanatengeneza sanamu ya ulimbo, sungura ananasa mkono, ananasa mguu, ananasa na kichwa. Fisi wa hadithi anakula mbuzi wa mtu, na mtu huyo ana jina, ana mke, ana deni. Bibi hakuhitaji semina kujua kwamba hadithi ya mnyama isiyo na jirani yake ni nusu hadithi. Na Wasukuma hawakuishia kwenye hadithi. Wana vyama vya ngoma vilivyotokana na kuishi na viumbe hao: Bayeye wanacheza na nyoka, Banunguli waliokuwa wawindaji wa nungunungu wana ngoma yao. Mnyama na mtu wako kwenye uwanja mmoja, vumbi moja.

Pori lisilo na mtu lina wenyewe waliolichora kabla ya Disney. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu iliyosema Serengeti isife, ikapata tuzo ya Oscar. Yeye na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama kutoka angani, kwa ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia; Michael alikufa kwenye ndege hiyo hiyo Januari ya mwaka huo. Siubezi msiba wao. Lakini mwaka huo huo 1959 Wamasai walitolewa Serengeti, wakapelekwa Ngorongoro. Toka hapo dunia imezoea kuitazama nchi hii kutoka juu, na kutoka juu boma huonekana kama doa kwenye picha. Mchora katuni anayekaa California amerithi picha ambayo doa lilishasafishwa.

Wapo watakaoniambia nitulie, tunazo katuni zetu. Zipi? Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010? Kweli ilichorwa Nairobi, studio ya Homeboyz, na vijana wa Kenya walifanya kazi ya kujivunia. Lakini ilitengenezwa na kampuni ya Uingereza, Tiger Aspect, kwa ajili ya watoto wa BBC na Disney, na kwa Kiingereza. Kila sehemu inauliza swali la kwa nini: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini kobe ana gamba lililopasuka. Maswali matamu. Mtoto wa Meatu ana lake: kwa nini tembo kala mahindi yetu? Halimo.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi zaidi ya yote. Mtindo wenyewe unatoka kwa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyefanya vibarua kwenye mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam na kuanza kupaka rangi za baiskeli kwenye mbao laini miaka ya sitini mwishoni. Akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa kudhaniwa mhalifu. Wachoraji waliomfuata Oysterbay wamechora chui na ndege, sawa, lakini wamechora pia hospitali zilizojaa wagonjwa, masoko, waganga, misururu ya akina mama na ndoo. Televisheni ilipofika kuchagua, ikabeba chui na ndege, ikawaacha watu kwenye foleni ya hospitali.

Ubongo Kids siwaweki kapu moja na hao. Tangu 2014 wanatengeneza Dar es Salaam, kwa Kiswahili, na ndani yake wamo watoto wenye kaya na shida za kutatuliwa, pamoja na Ngedere. Hapo kuna mlango. Lakini somo lao ni hisabati na sayansi, na Akili and Me ya wadogo zaidi inampeleka mtoto ndotoni kukutana na simba mdogo, kiboko na komba. Ndotoni tena, jamani. Huku kwetu simba hahitaji usingizi ili akutane nawe.

Ninachotaka si kikubwa. Mfululizo mmoja, wanyama wanaosema na watu wanaosema, uwekwe Itilima au Busega, tembo awe na njaa yake na njia aliyoipita mama yake kabla kijiji hakijawepo, maana naye ana haki ya kusikilizwa. Awepo fisi mwenye watoto. Na sehemu ya kwanza tayari ninayo: binti wa miaka tisa yuko juu ya dungu na debe, tembo yuko chini, wanabishana mpaka alfajiri nani alitangulia kufika pale. Asubuhi baba anakwenda kuomba kifuta jasho. Kwa kanuni za mwaka 2011 malipo ya mazao yalipangwa kwa umbali kutoka mpaka wa hifadhi, na aliyekuwa ndani ya mita 500 alikuwa halipwi kitu. Basi baba, binti na tembo wanatoka kwenda kupima mita kwa kamba ya kufungia ng'ombe, na tembo ndiye anayeshika upande wa mpaka.