Musiseme mashini imekufa kabla ya kuitoa diski

Leo sitaongea juu ya barabara wala bei ya makala. Nataka kuongea juu ya kompyuta za zamani, zile zinazokaa kwenye kona za ofisi zimejaa vumbi, na watu wanasema hazina kazi tena.

Mama mmoja muhami alinifikia na swali. Kijana wake anatafuta kuingia katika masomo ya uuguzi, na wanamuomba pointi zake za sekondari. Bulletini zote ziliungua pamoja na nyumba. Mama akaenda kwenye shule ambako kijana alisoma kati ya 2006 na 2012. Wakamjibu: mashini iliyokuwa na pointi za miaka ile ilikufa, mambo yote yalipotea. Akaniuliza, "Papa, sasa ile miaka sita yote mutoto alisoma, imeenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilienda naye mimi mwenyewe. Jina la shule nitaliacha, maana kusema kweli shule nyingi ziko hivyo. Mashini nikaikuta katika ofisi, juu yake wameweka karto ya chaki. Hakuna mutu aliyewahi kuifungua. Iligoma kuwaka siku moja, wakaletewa nyingine mpya, na hapo ikatangazwa kwamba imekufa.

Tulimuita kijana mmoja anayetengeneza simu pale sokoni. Mbele ya sekretere alifungua ile mashini na kutoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake ndogo kwa kamba. Diski ilikuwa nzima! Kilichokufa ni kile kisanduku kinacholeta umeme ndani ya mashini. Faili zote zilionekana. Lakini alipobonyeza programu ya pointi, kompyuta yake ilikataa. Programu ile iliandikwa kwa MS-DOS, na Windows za leo za biti 64 haziwezi kufungua programu za aina ile. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa.

Yeye hakukata tamaa. Alikuwa na programu inayoitwa DOSBox, ya bure, iliyotoka mwaka 2002. Akaifungua, kikatokea kioo cheusi na herufi nyeupe. Sekretere, mama mwenye umri, akasogea karibu, akavaa miwani yake, na vidole vyake vikaanza kutembea juu ya vitufe kama vile aliacha kazi jana. Pointi za kijana zikatokea, mwaka kwa mwaka, hata ile hesabu aliyoanguka mwaka wa tatu.

Inawezekanaje? Kila kompyuta ina luga yake ya maagizo. Programu iliyoandikwa kwa mashini moja haielewi mashini nyingine. Emuleta, yaani programu kama DOSBox, inafanya kazi ya mukalimani kanisani: mugeni anahubiri kwa Kifaransa, mukalimani anasimama kando yake na kutoa kila neno kwa Kiswahili. Lakini emuleta inaenda mbali zaidi. Inaigiza mashini nzima ya zamani: ubongo wake, kioo chake, vitufe vyake, saa yake, diski yake. Programu ya pointi haijui kwamba imehamishwa. Inaamini iko katika nyumba yake ileile.

Munajua pia kwamba hubiri lenye mukalimani linachukua saa mbili pahali pa moja. Ni vile hapa pia. Ila kompyuta za leo zinakimbia kuliko zile za zamani mara nyingi sana, kwa hiyo huoni ucheleweshaji wowote. Shida yetu ilikuwa nyingine: programu ilitaka printa ya zamani, ile ya karatasi zenye matundu pembeni. Tulipiga picha ya kioo kwa simu, basi.

Jambo hili si la maskini peke yao. Uingereza, mwaka 1986, BBC ilitaka kukumbuka miaka 900 ya kitabu cha Domesday, kitabu ambamo mufalme aliandikisha mali ya inchi mwaka 1086. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao watoto wa shule, waliandika juu ya vijiji vyao na kupiga picha. Yote yakawekwa kwenye diski kubwa za leza, zinazosomwa na mashini za pekee. Haikupita hata miaka 20, mashini hizo zikawa adimu, na kitabu cha ngozi cha 1086 kikawa rahisi kusoma kuliko diski za 1986. Mwaka 2002, watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha emuleta inayofungua kazi ile kwenye kompyuta ya kawaida. Wale wana umeme saa 24 na mifuko mizito, na bado walikaribia kupoteza.

Kwetu kuna vita, na kuna Nyiragongo. Mwaka 2002 moto wake ulipita katikati ya Goma, mwaka 2021 ukarudi ukameza nyumba upande wa Nyiragongo. Emuleta haifufui diski iliyoungua. Kwa hiyo nasema: shule, vituo vya afya, ofisi za vizazi na ndoa, toeni nakala kamili ya kila diski ya zamani sasa, pamoja na programu yake, si faili za pointi peke yake. Bila programu, faili zile ni herufi zisizosomeka. Nakala moja ibaki ofisini, nyingine iende mbali, katika mji mwingine.

Najua kuna watakaoniambia, watu wana njaa na wewe unaleta mambo ya kompyuta. Nawaelewa. Lakini mutu aliyekimbia bila karatasi anaomba kazi na nini? Mupinzani ninayemuogopa zaidi ni yule anayesema kwamba orodha ya majina ni hatari katika inchi yenye silaha. Huyo ana haki. Orodha inaonyesha nani alizaliwa wapi, na baba yake ni nani. Ndiyo maana diski hazipaswi kuuzwa ovyo pamoja na vyuma vya zamani, kama inavyofanyika sasa, na nakala zifungwe kwa neno la siri, zishikwe na watu wawili wanaojulikana. Yule kijana wa sokoni alifuta kila kitu kwenye kompyuta yake mbele yetu, na hatukumuomba.

Nyinyi wahami, mukienda kuuliza shuleni na mukaambiwa mashini ilikufa, ombeni kuonyeshwa mashini yenyewe. Ulizeni kama diski iliwahi kutolewa.

Sekretere ameandika pointi zote kwa mukono, kwenye karatasi yenye muhuri. Mukubwa wa shule bado hajatia sahihi. Anasema hajawahi kuona pointi zinazotoka katika picha ya simu. Kesho kutwa tutarudi huko na mama, na ile kompyuta ndogo.