Sombe: kwa Wali ama kwa Ugali?

Kuna ubishi usiokwisha katika nyumba za Kasongo na Kabambare, nao huzuka chungu cha sombe kinapoepuliwa: je, sombe huliwa kwa wali ama kwa ugali wa muhogo?

Watu wa wali hudai heshima ya zamani, nasi twakiri kwamba wanao ushahidi. Daktari Hinde, aliyeingia Kasongo pamoja na askari wa Dhanis mwaka 1893, aliandika kuwa alipita katika shamba moja la mpunga muda wa saa moja na nusu, naye amepanda mnyama. Waarabu na Waungwana walioulima walishindwa vita, wali haukushindwa. Watu wa ugali hujibu kwamba wali hunywa mawese yote na kutawanyika mkononi, lakini tonge la ugali, likitiwa shimo kwa kidole gumba, huchota sombe pasipo kudondosha hata tone. Sisi twapenda wali mchana na ugali jioni. Tukialikwa, hatuchagui.

Ubishi wa pili ni huu: sahani moja, ama kila mtu na yake? Wazee husema sahani moja yafundisha adabu: mtoto hula upande wake, wala hagusi samaki kabla ya mkubwa. Ni kweli. Ila tumeitazama sana sahani hiyo. Mkubwa ana mkono mwepesi na tonge nene. Mtoto wa miaka minne angali akipuliza tonge lake la kwanza, na mboga imekwisha. Naye mama, aliyetwanga na kupika, hukwangua chungu. Hao wawili hushiba ugali mtupu.

Hapo mzaha wakoma. Muhogo mchungu una sumu, na usipolowekwa siku za kutosha sumu hubaki katika unga. Mwili wapata nguvu ya kuiondoa sumu hiyo kwa samaki, nyama na maharagwe. Mwenye kula ugali mtupu siku kwa siku aweza kupatwa na konzo: miguu hukakamaa kwa ghafula, wala haiponi tena. Daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa huo huko Kwango mwaka 1938, na hata leo huwapata zaidi watoto na wanawake.

Basi, sahani moja na ibaki, tukisha kusali pamoja. Lakini mboga ya mtoto na ya mama, na kipande cha samaki wa Luama ndani yake, itengwe kwanza, kabla baba hajanawa mikono. Baba fulani atatuuliza: “Ndiyo kusema mimi nibakiwe na kichwa?” Ndiyo, bwana, na tumewaona wazee wakigombea kichwa hicho.

Kwa habari ya mkono ama kijiko hatusemi neno. Anayekula sombe kwa uma, huyo tutamtazama tu.