Si Cheti Kilichoipa Kilwa Fedha za Mpingo

Kila mpingo wa Kilwa unapotajwa kwenye semina, utasikia kwamba cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, ndicho kilichomwinua mwanakijiji. Naipinga imani hiyo. Inampa sifa mgeni na kumsahau mwenye nyumba.

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, malori yalivuka Rufiji kwa urahisi na magogo ya kusini yakatoka kwa wingi. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, ilikadiria kuwa hadi asilimia 96 ya mrabaha uliopaswa kukusanywa ulipotea. Vijiji vilibaki na visiki. Kilichogeuza mambo ni vijiji kuanza kuitumia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kijiji kikishaweka mipaka, kikaandaa mpango wa usimamizi na kutangaza msitu wake wa hifadhi, kinauza chenyewe na mapato ni yake. Mnunuzi anapiga hodi ofisi ya kijiji. Kamati ya maliasili inamwonyesha mti wa kukata, inapima gogo, inaligonga nyundo. Haki hiyo ilikuwapo kabla vijiji vya Kikole na Kisangi havijapata cheti mwaka 2009, tena vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji.

Na cheti chenyewe hawakukishika wao. Kilitolewa kwa kundi, mshikaji akiwa shirika la uhifadhi wa mpingo, MCDI, maana kijiji kimoja hakimudu kumlipa mkaguzi kila mwaka. Ufadhili ukikauka, nani atalipa? Soko lake nalo ni jembamba: watengenezaji wa klarineti na obo, wanaotaka mti usio na ufa wala kasoro, hata sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa vumbi na vipande. Mchongaji wa vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, sijawahi kumsikia akiulizia cheti.

Ukaguzi una faida yake. Unazoesha kamati kuweka kumbukumbu, na kumbukumbu humbana kiongozi mwenye mkono mrefu. Lakini anayehitaji nembo kwa ajili ya wateja wake ndiye aigharamie. Fedha za wafadhili ziende kupima ardhi ya vijiji visivyo na mpango wa matumizi, zilipe posho za doria, zisukume majalada yaliyolala wilayani, kwa sababu kijiji kinaposubiri msitu wake utangazwe, misumeno inaendelea kuingia.